Nani Alimwamsha Godzilla? Siasa Ndani ya Filamu ya Dubwana la 1954

Kama ulikulia mtaani kama mimi, huenda Godzilla wako wa kwanza alikuwa yule wa mwaka 1998, na mlikutana ndani ya kibanda umiza. Mmebanana kwenye mabenchi, joto kama la tanuri, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti ya muvi yenyewe. Sisi watoto tulikuwa na maswali mawili tu: stelingi ni nani, na hili dubwana litakufa saa ngapi? Mtafsiri alitujibu yote mawili mapema, tukaendelea na karanga zetu kwa amani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, rafiki yangu akaniwekea kwenye flashi Godzilla wa kwanza kabisa: filamu ya Kijapani ya mwaka 1954, picha nyeusi na nyeupe. Kusema ukweli, nilikaa kuitazama nikiwa tayari kucheka. Mtu kavaa vazi la mpira anakanyaga nyumba za maboksi, nani asicheke? Basi, ikafika sehemu ya hospitali. Jiji limeshateketea, majeruhi wamelazwa sakafuni, na daktari anampitishia mtoto mdogo kifaa cha kupimia mionzi. Kifaa kinalia. Daktari anatikisa kichwa, hasemi neno.

Kifaa kile mimi nakijua. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulikuwa wa kupima mionzi kwenye sampuli za udongo, na mlio ule niliusikia kila siku. Sikuwahi kuufikiria ukilia juu ya mtoto. Nilisimamisha filamu, nikatoka nje kupunga upepo.

Kuanzia siku ile nimekuwa nikizitazama filamu za madubwana nikiwa na swali jingine kabisa, na ndilo ninalotaka tulichambue leo: nani alimwamsha dubwana? Utaona kwamba jibu limebadilishwa mara kadhaa ndani ya miaka 70, kutegemea nani anatengeneza filamu na nani anailipia.

Kwanza tumalizane na fizikia

Blogu hii ni ya sayansi, kwa hiyo tuanze na lililo wazi: Godzilla hawezi kuwepo. Si kwa sababu hatujamwona, bali kwa sababu ya hesabu ya shule ya sekondari.

Ndani ya vazi lile alikuwemo mtu anayeitwa Haruo Nakajima. Tuseme akiwa amevaa alifika urefu wa mita 2. Kwenye hadithi Godzilla ana mita 50, yaani mara 25. Sasa, ukimkuza kiumbe mara 25, eneo la mfupa wake ukiukata linaongezeka mara 25 × 25, sawa na 625. Lakini uzito unafuata ujazo, nao unaongezeka mara 25 × 25 × 25, sawa na 15,625. Maana yake kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo mara 25 ya ule wa mwanzo. We fikiria unaambiwa usimame, utembee na upigane huku umebeba watu wengine 24 wenye uzito kama wako. Magoti yangevunjika kabla hajatoka baharini.

Aliyesimamia picha za ujanja, Eiji Tsuburaya, aliielewa vizuri hesabu hii ya ukubwa. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mara 25 huchukua muda mara 5 zaidi kufika chini, kwa sababu muda wa kuanguka unafuata kipeuo cha pili cha kimo. Ndiyo maana kibanda cha kuchezea kikianguka huonekana ni kibanda, na ghorofa likianguka huonekana ni ghorofa. Tsuburaya alipiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kisha zikaoneshwa kwa kasi ya kawaida, na majengo yake madogo yakaporomoka polepole kama makubwa.

Kwa hiyo watu hawa walijua wanachofanya. Hawakuwa wanatuambia kwamba kuna mnyama kama huyu. Walikuwa na jambo jingine la kusema, na hilo jambo lina tarehe.

Machi 1, 1954

Asubuhi ya tarehe hiyo Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Jaribio liliitwa Castle Bravo. Wataalamu walikuwa wamekadiria nguvu ya megatani 6 hivi. Zikatoka 15, karibu mara 1,000 ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

Walikosea wapi? Kwenye lithiamu. Bomu lile lilikuwa na lithiamu ya aina mbili: lithiamu-6, kama asilimia 40, na iliyobaki lithiamu-7. Hesabu zao zilisema lithiamu-6 ndiyo itakayofanya kazi, na lithiamu-7 itakaa tu kama abiria. Kumbe lithiamu-7 ikipigwa na nyutroni yenye kasi kubwa inavunjika, inatoa tritiamu, ambayo ni kuni za moto uleule, na inaachia nyutroni nyingine ikaendeleze kazi. Abiria akashuka kusukuma gari.

Mlipuko uliyasaga matumbawe ya kisiwa na kuyarusha angani yakiwa yamejaa mionzi. Zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, nje ya eneo ambalo Marekani ilikuwa imelitangaza kuwa la hatari, kulikuwa na boti ya Kijapani ya kuvua jodari. Iliitwa Daigo Fukuryu Maru, maana yake Joka la Bahati Namba 5. Wavuvi 23 waliokuwemo waliona mwanga wa ajabu upande wa magharibi, baadaye wakasikia kishindo, na baada ya saa chache majivu meupe yakaanza kuwadondokea kama mvua. Waliyazoa kwa mikono mitupu. Wakaanza kutapika, ngozi zikaungua, baadaye nywele zikanyonyoka.

Boti ilirudi bandari ya Yaizu Machi 14. Kabla watu hawajaelewa kilichotokea, sehemu ya samaki wake ilikuwa imeshafika sokoni. Hapo ndipo taharuki ilipoanza. Kwa nchi inayokula samaki kama sisi tunavyokula ugali, unaweza kuelewa. Marekani haikutaka kueleza bomu lile lilitengenezwa vipi, lakini majivu yalitoa siri yenyewe: wanakemia wa Japani waliyachunguza wakakuta urani-237, dalili kwamba bomu lilikuwa na ganda la urani nalo likashiriki kuwaka. Kundi la akina mama wa Suginami, mtaa wa Tokyo, wakaanza kukusanya saini za kupinga mabomu haya. Ndani ya mwaka mmoja na ushei kampeni ilienea nchi nzima, saini zikapita milioni 30.

Septemba 23, mwendesha redio wa boti ile, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia akiwa na miaka 40. Filamu ya Godzilla iliingia kwenye majumba ya sinema Novemba 3. Hesabu mwenyewe: ni siku 41. Watu walikata tiketi wakiwa bado na msiba kichwani.

Sasa rudi kwenye dakika za mwanzo za filamu. Mabaharia wamepumzika juu ya meli, wanapiga muziki. Ghafla bahari inawaka mwanga mkali, meli inashika moto, inazama. Mtoto yeyote wa Tokyo aliyekuwa akisikiliza redio mwaka ule alijua anachooneshwa.

Yaliyosemwa bila kutaja jina

Utajiuliza, kwa nini wazunguke? Kwa nini wasitengeneze filamu ya kawaida kuhusu wavuvi na bomu?

Kumbuka walikotoka. Kuanzia 1945 hadi Aprili 1952 Japani ilikuwa chini ya utawala wa majeshi yaliyoishinda vitani, Marekani ikiwa mbele, na habari za madhara ya Hiroshima na Nagasaki zilipitia ukaguzi mkali. Mwaka 1954 ukaguzi ulikuwa umekwisha, lakini nchi ilikuwa mshirika wa karibu wa Marekani. Mwongozaji, Ishiro Honda, alikuwa amepigana vita vya China kama askari, akatekwa, na aliporudi nyumbani akapita Hiroshima na kuiona kwa macho yake. Alikuwa na la kusema. Dubwana lilimpa njia ya kusema. Filamu haimnyooshei mtu kidole kwa jina, inasema tu kwamba majaribio ya bomu la haidrojeni yamemtoa mnyama wa kale makazini mwake. Aliyefanya majaribio hayo alijulikana.

Tazama matukio matatu.

La kwanza ni Bungeni. Mtaalamu wa visukuku, Dk. Yamane, anaeleza ushahidi: nyayo zenye mionzi, na kiumbe mdogo wa kale wa baharini aliyekutwa ndani ya unyayo. Mbunge mmoja anasimama na kutaka habari zifichwe. Hoja zake utazitambua hata leo: mahusiano na nchi za nje yataharibika, uchumi utayumba, wananchi watapata hofu. Wabunge wanawake wanamjia juu: ukweli utangazwe! Ukumbi unageuka vurugu. Tukio hili lina uzito kwa sababu wanawake wa Japani walipiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza Aprili 1946, na 39 kati yao wakachaguliwa. Miaka minane tu baadaye, filamu ya dubwana inawaweka upande wa wanaodai taarifa.

La pili ni ndani ya treni. Abiria wanapiga soga. Mwanamke kijana analalamika: mara jodari wenye mionzi, mara mvua yenye mionzi, na sasa huyu Godzilla! Kisha anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba aliponea chupuchupu Nagasaki. Abiria mwingine anaguna kuhusu kuhama tena kukimbilia shamba, kama enzi za vita. Ni sekunde chache tu. Hakuna muziki wa kuliza watu. Yaani wanaongea kuhusu bomu kama sisi tunavyoongelea kukatika kwa umeme.

La tatu ni usiku wa maangamizi. Mama amejikunyata ukutani na watoto wake, moto umewazunguka, anawaambia kwamba punde watakwenda kuungana na baba yao. Hatuelezwi baba yuko wapi. Ni miaka tisa tangu vita viishe, na usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, Tokyo ilishambuliwa kwa mabomu ya moto yaliyoua watu karibu 100,000. Kila mtu ukumbini alimjua mama kama yule.

Mkasi wa mwaka 1956

Filamu iliuzwa Marekani. Wanunuzi waliona Wamarekani hawatakaa kuangalia Wajapani watupu wakisema Kijapani, hivyo wakamwajiri mwigizaji Raymond Burr acheze mwandishi wa habari wa Kimarekani aitwaye Steve Martin, ambaye kwa bahati yuko Tokyo dubwana linapofika. Sehemu zake zilipigwa picha Marekani na kupachikwa katikati ya filamu ya Honda. Mara kadhaa Burr anaonekana akizungumza na wahusika wa Kijapani, lakini aliye mbele yake ni mtu mwingine aliyevaa nguo za kufanana, amepigwa picha kisogoni.

Filamu ya asili ina dakika 96. Ile ya 1956 ina dakika 80, pamoja na nyongeza zote za Burr. Ili yeye aingie, kuna waliotoka. Yule mwanamke wa Nagasaki katoka. Ugomvi wa Bungeni katoka nao. Maneno ya mwisho ya Dk. Yamane, kwamba haamini kuwa huyu alikuwa Godzilla wa mwisho, na kwamba majaribio yakiendelea mwingine atatokea, yalifutwa. Badala yake Burr anatuambia kwamba dunia sasa inaweza kuamka na kuishi tena.

Tuwe waadilifu hapa: bomu halikufutwa lote. Hata kwenye toleo la Marekani Yamane anasema kwamba majaribio ya bomu la haidrojeni ndiyo yaliyomfufua mnyama. Lakini sayansi imebaki na siasa imeondolewa. Unaambiwa kilichotokea. Huambiwi nani aliumia kabla, nani alitaka kuficha, na kwamba linaweza kutokea tena kesho kwa sababu majaribio hayajasimama.

Utaniambia, si hata mtafsiri wa kibanda umiza alibadilisha mambo? Kweli kabisa. Kuanzia kina Lufufu kwetu hadi DJ Afro kule Kenya, watafsiri wetu waliwabatiza wahusika majina, wakaongeza utani wa mtaani, wakati mwingine wakatunga hadithi nzima mpya. Ila sisi tulijua sauti ile si ya filamu. Ilikuwa juu ya filamu, na tuliifuata kwa sababu ilikuwa sauti ya kwetu. Burr aliwekwa ndani ya picha, Wamarekani wakaamini kwamba hivyo ndivyo filamu ilivyotengenezwa. Toleo la Honda lilikuja kuoneshwa kwa upana kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 2004. Ilikuwa miaka 50 baadaye.

Bomu linahama

Sasa turudi kwa yule Godzilla wetu wa karanga, wa 1998. Filamu ya Kimarekani. Inaanza na picha za milipuko ya nyuklia katika Polynesia ya Ufaransa, na dubwana linatokana na milipuko hiyo. Mwenye kosa ni Mfaransa, na majasusi wa Kifaransa ndio wanaokuja New York kusafisha uchafu wao. Ufaransa haikusingiziwa: ilifanya majaribio kule kuanzia 1966 hadi Januari 1996, miaka miwili tu kabla ya filamu kutoka. Lakini angalia mwendo wa hadithi. Dubwana lililozaliwa kwa bomu la Marekani limerudi likiwa na baba mwingine.

Filamu ya Kimarekani ya 2014 ilipiga hatua zaidi. Humo tunaambiwa kwamba milipuko ya Pasifiki miaka ya 1950 haikuwa majaribio. Ilikuwa mashambulizi ya siri ya kutaka kumuua Godzilla. Soma hiyo sentensi tena taratibu. Bomu lililomwamsha mnyama limegeuka kuwa silaha ya kumlinda mwanadamu dhidi ya mnyama. Filamu hiyo pia ina tukio zuri, mwanasayansi wa Kijapani akimwonesha kamanda wa Kimarekani saa ya baba yake iliyosimama saa 2:15 asubuhi, wakati Hiroshima ilipolipuliwa. Kwa hiyo waandishi waliijua historia. Lakini jaribio lenyewe, lile lililowapa wavuvi majivu, limesafishwa.

Mwaka 2023 Wajapani walirudisha mambo mahali pake: katika Godzilla Minus One, mnyama anabadilishwa na mlipuko wa Marekani huko Bikini mwaka 1946.

Sisemi kwamba kuna watu walikaa mezani wakapanga kuficha. Mara nyingi ni biashara tu. Mtazamaji anayelipia tiketi hapendi kuambiwa kwamba yeye ndiye chanzo cha tatizo. Lakini matokeo yake ni yaleyale, kijana wa leo anaweza kumaliza filamu kadhaa za Godzilla bila kujua kwamba Kuboyama alikuwepo.

Wasiokuwepo kabisa

Hadi hapa nimeisifia filamu ya Honda. Sasa tumgeuzie na yeye swali lilelile.

Walioumia zaidi na Castle Bravo hawakuwa Wajapani. Walikuwa wenyeji wa Visiwa vya Marshall. Majivu yaliwadondokea watu wa kisiwa cha Rongelap wakiwa nyumbani kwao, watoto wakayachezea, na walihamishwa baada ya siku mbili. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 katika visiwa vile.

Ndani ya Godzilla hawapo. Kisiwa cha kwanza kushambuliwa kinaitwa Odo, na wakazi wake ni wavuvi wa Kijapani wenye mila za Kijapani. Hakuna anayetaja Bikini wala Rongelap kama mahali penye watu. Na kuna jingine: Japani ndiyo iliyovitawala Visiwa vya Marshall kabla ya Marekani, kuanzia 1914 hadi vita vilipoitoa huko mwaka 1944. Japani ya filamu hii ni mwathirika tu. Majeshi yake yaliyokwenda China na kwingineko Asia, ambayo Honda mwenyewe alitumikia, hayaonekani. Wapo wachambuzi wa Kijapani wanaosema kwamba Godzilla ni roho za wanajeshi waliofia Pasifiki wakirudi kudai kitu. Inawezekana. Hata hivyo waliouawa na wanajeshi hao hawana dubwana la kuwawakilisha.

Hapa pana uhusiano na sisi ambao mimi mwenyewe ulinishtua. Baada ya vita Visiwa vya Marshall viliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, msimamizi akiwa Marekani. Tanganyika nayo ilikuwa chini ya udhamini huohuo, msimamizi akiwa Mwingereza. Aprili 1954 watu wa Marshall waliandika malalamiko kwa Umoja wa Mataifa wakiomba majaribio yasitishwe, na kama haiwezekani, basi wachukuliwe tahadhari. Yalifika Baraza la Udhamini. Ni baraza lilelile ambalo Mwalimu Nyerere alisimama mbele yake Machi 1955 kuisemea Tanganyika. Babu zetu na watu wa Rongelap walikuwa kwenye foleni moja, mbele ya dirisha moja. Sisi tulipata uhuru 1961. Wao walijibiwa kwa majaribio zaidi, hadi 1958.

Kwa hiyo uwakilishi katika filamu si suala la kuhesabu sura tu. Filamu ya Honda iliwapa sauti watu walionyamazishwa, na papo hapo ikakalia kiti cha watu walionyamazishwa zaidi. Mambo yote mawili ni kweli.

Dk. Serizawa na sisi tulio maabara

Nimeacha mwisho kitu kinachonihusu mimi, na huenda na wewe kama unasoma sayansi.

Katika filamu yupo mtafiti kijana, Dk. Serizawa, aliyepoteza jicho vitani. Kwenye utafiti wake wa oksijeni amegundua, bila kukusudia, kitu kinachoua kila kiumbe ndani ya maji. Amekificha. Anayejua ni Emiko peke yake, binti wa Yamane, naye ameapa kunyamaza. Kwa muda mrefu Emiko anaonekana kama wanawake wengi wa filamu za zama zile: yupo katikati ya wanaume wawili, analia, anasubiri. Lakini baada ya kuwahudumia majeruhi wa ile hospitali niliyokueleza, yeye ndiye anayevunja kiapo na kusema. Bila uamuzi wake Tokyo haiponi.

Serizawa anabanwa atumie ugunduzi wake. Hofu yake haina fumbo: ukitumika mara moja mbele ya macho ya dunia, wanasiasa watautaka, na utakuwa silaha kama ya haidrojeni. Mwishowe anakubali, lakini kwanza anachoma maandishi yake yote. Kisha anazama baharini, anamuua Godzilla, na anaukata mwenyewe mrija na kamba ya kumrudisha juu, ili kilichobaki kichwani mwake kisije kikatolewa kwa nguvu.

Sikushauri ufe kwa ajili ya andiko lako la uzamili. Lakini linganisha na wale wa lithiamu-7. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu nzuri zenye pengo moja, na waliolipia pengo hilo hawakuwepo kwenye chumba cha mkutano. Serizawa anauliza swali ambalo kwenye mafunzo yangu ya maabara sikuulizwa hata mara moja: nikikosea, nani anadondokewa na majivu? Mimi siku hizi naliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari langu la maabara. Ni kitu kidogo, lakini kimenifanya mara mbili nirudie vipimo nilivyotaka kuvipitisha.

Ukikaa kuangalia filamu yoyote ya dubwana, iwe ya Godzilla, ya King Kong au ya lolote litakalotoka mwakani, jaribu maswali matatu. Nani alimwamsha? Nani anatusimulia? Na nani alikuwepo pale kwenye tukio la kweli lakini kwenye picha hayupo? Furaha ya kuona majengo yakianguka haitapungua, nakuhakikishia. Mimi bado nashangilia.

Na ukienda kumtafuta Godzilla wa kwanza, angalia urefu kabla hujamaliza bando lako. Yenye dakika 80 ni ya Burr. Unayoitaka ni ile ya dakika 96.